Kila Samaki na Maji Yake

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Boise, jimbo la Idaho. Wengi mlikuwa zamu ya mchana kazini mkaniomba niiandike. Nimeiandika yote kama nilivyoisema, isipokuwa picha za ukutani.

Wazee wangu, wamama, wababa, vijana, na ninyi watoto mnaokimbizana huko nyuma, hamjambo? Hamjambo tena?

Nianze kwa kuuliza. Nani humu ndani alizaliwa karibu na Ziwa Tanganyika? Nyosheni mikono. Baraka? Uvira? Kalemie? Rumonge? Kigoma? Asanteni. Msishushe kwanza. Katika ninyi, nani kwao samaki alikuwa kitu cha kwenda kununua kwenye jokofu la duka, amefungwa plastiki na kubandikwa bei? Naona mikono yote imeshuka.

Mimi nilizaliwa Baraka, upande wa Kongo. Baba yangu alikuwa mvuvi wa usiku, mvuvi wa karabai, wa ndagala, yaani dagaa, na samaki wanaoitwa mikebuka. Mwaka 1996 tulipokimbia tulivuka ziwa kwa mtumbwi, na baba mikononi alikuwa na vitu viwili: mimi, na bunda la nyuzi za wavu. Tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ziwa lilikuwa mbali. Baba akakaa mbele ya nyumba yetu ya udongo akaanza kushona wavu. Majirani walimwuliza, wavu wa nini hapa? Hakujibu. Alishona. Na mama naye alikuwa akichota unga wetu wa posho, unga wa kula sisi watoto, anaupeleka sokoni kuuza ili arudi na kikombe cha dagaa wa Kigoma. Mtu anauza chakula ili apate chakula! Asiyejua atasema huyu mama hajui hesabu. Ninyi mnajua kwamba alijua. Ugali bila kitoweo unajaza tumbo, lakini nyumba inabaki na njaa.

Naomba mlishike hilo neno. Kitoweo. Leo sitazungumza juu ya samaki wa biashara wala samaki wa mchezo wa wikiendi. Nazungumza juu ya samaki wa kitoweo, na juu ya watu wa mito hii ambao samaki wao wa kitoweo alinyang'anywa, na jinsi wanavyomrudisha, kifaranga kwa kifaranga.

Kwa nini nimewaletea habari hii? Mwaka jana kijana wetu mmoja alinijia amekasirika. Alikuwa mtoni na leseni yake mfukoni, na siku hiyo jimbo lilikuwa limefunga uvuvi wa salmoni. Ng'ambo ya mto akaona watu wa kabila la wenyeji wanavua. Akaniambia, "Dada, sisi tumefungiwa, wao wanavua. Huu si upendeleo?" Nilimjibu kwa kifupi pale pale, lakini jibu lile halikunitosha hata mimi mwenyewe. Jibu lake ndilo hili la leo.

Kwanza mjue samaki mwenyewe. Salmoni anazaliwa kwenye kijito cha mlimani, maji baridi, kokoto chini. Akikua kidogo anateremka na mto hadi Bahari ya Pasifiki. Anakaa huko mwaka, miwili, mitatu, anakula, ananenepa. Halafu anarudi. Anarudije? Kwa kunusa. Kila kijito kina harufu yake, na samaki huyu aliishika harufu ya maji yake akiwa mdogo kama kidole. Anapita mito mikubwa, anaacha vijito mia, anaingia kile chake. Akifika anataga na anakufa pale pale, na mwili wake unakuwa mbolea ya maji watakamozaliwa wanawe.

Samaki huyu hurudi kwenye maji aliyokulia. Mambo mengi nitakayowaambia yanatoka hapo, kwa hiyo mliweke akilini.

Sasa watu. Kaskazini mwa jimbo letu wapo Nimiipuu. Ninyi mliosoma Kifaransa mtalitambua jina lao lingine, Nez Perce, yaani pua iliyotobolewa. Ni watu waliosema Kifaransa waliowapa. Wao wenyewe hujiita Nimiipuu. Mwaka 1855 walitia saini mkataba na serikali ya Marekani. Walitoa ardhi, ardhi kubwa kupita kiasi. Mwaka 1863 ukaja mkataba mwingine ukakata karibu asilimia 90 ya ile waliyokuwa wamebakiwa nayo. Lakini katika mkataba ule wa kwanza waliweka sharti moja: watavua samaki mahali pote walipozoea kuvua. Hata nje ya ardhi waliyotengewa.

Je, hiyo ni zawadi waliyopewa? Hapana! Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya watu wa Yakama, majirani zao wenye mkataba wa namna hiyo hiyo. Mahakama ikasema kwamba mkataba haukuwapa wenyeji haki. Wenyeji ndio waliotoa, na kile ambacho hawakukitoa kilibaki mali yao. Ikaongeza kwamba samaki kwao hakuwa na umuhimu mdogo sana kuliko hewa waliyovuta. Fikirini mtu ameuza nyumba akasema, "Mlango, dari, uwanja, chukua. Ila kisima nitaendelea kuchota." Miaka 100 baadaye wajukuu wa mnunuzi wanamwona anachota maji, wanasema anapendelewa. Mwanangu, kisima ni chake. Hakukiuza.

Na hata hivyo walilazimika kukipigania. Kuna kijito karibu na mji wa Riggins kinaitwa Rapid River. Mwaka 1979 na 1980 jimbo lilifunga uvuvi pale, na Nimiipuu wakaendelea kushuka majini na miti yao mirefu yenye kulabu. Wakakutana na askari wenye silaha. Wengi walikamatwa na kushtakiwa. Mahakama ikayafuta mashtaka. Watoto waliokuwa ukingoni siku zile wakiwatazama wazazi wao, leo ni wazee wa heshima, na kila kiangazi bado wanashuka Rapid River. Mkiwakuta pale, salimieni, kaeni pembeni, jifunzeni.

Lakini nataka mlione jambo moja. Haki unaweza kuwa nayo kwenye karatasi, ukaenda nayo mahakamani, ukashinda. Ukirudi mtoni ukakuta hamna samaki, umeshinda nini?

Kwa sababu samaki walikuwa wanaisha. Kati ya bahari na Idaho yamejengwa mabwawa 8 makubwa, manne kwenye mto Columbia na manne kwenye mto Snake. La kwanza, Bonneville, lilikamilika mwaka 1938. La mwisho kwenye njia ya kuja kwetu, Lower Granite, mwaka 1975. Yana ngazi za samaki, ndiyo, samaki mkubwa anaweza kupanda. Lakini mtoto wa salmoni anayeteremka, ambaye zamani alisukumwa na maji ya mafuriko hadi baharini, sasa anapita maziwa yaliyotulia, maji yaliyopata joto kupita kiasi, samaki wala-samaki wanaomvizia, na mitambo ya umeme. Na kuna mabwawa mengine hayana ngazi kabisa. Dworshak, kwenye tawi la kaskazini la mto Clearwater, lina urefu wa zaidi ya mita 200 kwenda juu. Samaki gani atapanda ukuta huo?

Kuna mahali palipoitwa Celilo, kwenye Columbia, maporomoko ambayo watu wa makabila mengi walikusanyika kuvua na kubadilishana mali kwa maelfu ya miaka. Walisimama juu ya majukwaa ya mbao wakachota salmoni kwa nyavu za mkono. Tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa. Kwa saa chache tu maporomoko yote yalikuwa chini ya maji. Wazee walisimama ukingoni wakitazama.

Sisi tulilihama ziwa letu. Wale watu walikuwa wamesimama pale pale, na mto ndio uliowahama.

Sasa, serikali haikukaa kimya. Mwaka 1938 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo Mitchell Act, ya kujenga vituo vya vifaranga vya samaki, yaani mahali pa kuangua mayai na kulea samaki wadogo kabla ya kuwaachia mtoni, kufidia hasara ya mabwawa. Vizuri! Lakini vituo vilijengwa wapi? Vingi vilijengwa chini, karibu na bahari, chini ya mabwawa. Na niliwaambia nini? Samaki hurudi kwenye maji aliyokulia. Ukimlea chini, atarudi chini. Watakaomvua ni wenye meli za baharini na wavuvi wa huko chini. Huku juu, walikoishi watu wenye mkataba, hakuna kitakachopanda. Fidia ililipwa, lakini ilitiwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Tumejenga kituo cha vifaranga," mimi nauliza, mmejenga wapi? Vifaranga wanakunywa maji ya kijito gani? Watakaporudi, nani atakuwa amesimama pale?

Hapo ndipo Nimiipuu walipoingia. Kuna salmoni anaitwa koho. Mwaka 1986 koho wa mto Snake alitangazwa ametoweka. Hayupo tena. Wataalamu wengi waliuacha mjadala hapo, kwa maana sheria ya kulinda viumbe hailindi kisichokuwapo. Nimiipuu hawakuuacha. Katikati ya miaka ya 1990 walianza kuomba mayai na vifaranga vya ziada kutoka vituo vya chini ya Columbia, samaki wa ukoo mwingine, maana ukoo wenyewe haukuwapo. Wakawapandisha hadi Clearwater. Wakawalea kwenye maji ya Clearwater ili waishike harufu yake. Wakawaachia. Miaka ya kwanza walirudi wachache mno. Fikirini uvumilivu huo: unaachia vifaranga wengi, unahesabu wanaorudi, mwakani unaanza tena. Wale wachache waliorudi walikuwa wamethibitisha kwamba wanaiweza safari, basi hao ndio waliotolewa mayai, na watoto wao wakarudi wengi zaidi kidogo. Mwaka 2014, zaidi ya koho 15,000 walipita bwawa la Lower Granite. Na mwaka huo huo jimbo lilifungua uvuvi wa koho kwenye Clearwater kwa watu wote. Kwa watu wote, ndugu zangu! Kama kuna mtu humu amewahi kula koho wa Clearwater, amekula jasho la Nimiipuu. Sasa mwambieni yule kijana wangu nani anampendelea nani.

Vivyo hivyo kwa chinuki wa vuli, yule salmoni mkubwa kuliko wote. Mwaka 1990 chinuki wa asili waliopita Lower Granite walikuwa 78. Nawaachia hesabu hiyo mwitafakari: 78 kwa mto mzima. Watu walikuwa wakimlea kwenye kituo kilicho chini zaidi, na wengi walirudi huko huko chini. Nimiipuu wakadai vidimbwi vya kuzoeza vifaranga maji vijengwe juu, penye mazalio yao ya zamani, Pittsburg Landing, Big Canyon, Captain John Rapids. Vifaranga huletwa na lori wakiwa wadogo, wanakaa wiki kadhaa wakinywa maji ya pale, kisha lango linafunguliwa. Mwaka 2013 walipita zaidi ya 50,000, wa asili na wa kituoni pamoja. Na mwaka 2002 Nimiipuu walifungua kituo chao wenyewe, pale Cherrylane, kando ya Clearwater.

Niwape basi kisa kilicho karibu na sisi kabisa. Mnaoishi upande wa Eagle, mnaofanya kazi kwenye yale maghala, kuna kituo cha vifaranga hapo jirani yenu. Kinafanya nini?

Juu milimani, karibu na Stanley, lipo ziwa linaitwa Redfish. Maana yake ziwa la samaki wekundu, kwa sababu zamani salmoni aina ya sokai walipanda pale kutaga, nao wakikomaa huwa wekundu kama mkaa unaowaka, hata ziwa likaonekana jekundu. Kutoka baharini hadi pale ni karibu kilomita 1,450, na mita 2,000 kwenda juu. Watu wa Shoshone-Bannock, wenyeji wengine wa Idaho, walivua huko kwa mikuki. Walipoona wanaisha, mwaka 1990 wao ndio walioandika kuiomba serikali imwekee sokai ulinzi wa sheria. Ulinzi ulikuja mwaka 1991.

Mwaka 1992 mnajua walirudi wangapi? Mmoja.

Nasema mmoja. Dume. Alipita mabwawa manane, akapanda milima, akafika ziwani kwake, akakuta hamna jike. Watu walimwita Lonesome Larry, Larry Mpweke. Walimkamata, wakachukua mbegu zake, wakazigandisha kwa baridi kali ili zitumike majike wakipatikana. Kuanzia 1991 hadi 1998 sokai wote wa asili waliorudi Redfish walikuwa 16. Kumi na sita kwa miaka minane! Wote walichukuliwa wakaingizwa vituoni, na Eagle ni kimojawapo cha vituo hivyo. Kila yai lilihesabiwa. Ndoa zao zilipangwa na wataalamu ili ndugu asizae na ndugu. Kwa miaka mingi ukoo mzima wa samaki uliishi ndani ya matangi, umbali wa dakika chache kutoka mahali tunapokaa leo. Mwaka 2014 waliorudi kwenye bonde la Stanley walizidi 1,500.

Sitawaficha kwamba njiani kulikuwa na makosa. Mwaka 2013 kilifunguliwa kituo kikubwa zaidi Springfield, mashariki mwa Idaho, cha kulea hadi vifaranga milioni 1 wa sokai kwa mwaka. Vifaranga walitoka wanene, wazuri. Wakapelekwa Redfish wakaachiwa, wakafa kwa wingi njiani. Kwa nini? Maji ya Springfield ni maji magumu, yamejaa madini. Maji ya Redfish ni laini. Mwili wa kifaranga haukuweza kuhimili mabadiliko ya ghafla. Ikabidi wapitishwe kwanza kituo kingine, kwenye maji ya katikati, wakizoezwa hatua kwa hatua. Mama yeyote humu ndani aliyeachisha mtoto ziwa anajua hilo. Lakini ilichukua miaka kuligundua. Kila samaki na maji yake, na anayetaka kumlea lazima akubali kufundishwa na maji.

Wapo wanaosema, na si watu wabaya, kwamba vituo vya vifaranga ni hatari. Wanasema samaki wa tangini ni mlegevu, akichanganyika na wa porini anaudhoofisha ukoo. Nawasikiliza, kwa sababu kwa namna vituo vingi vya zamani vilivyoendeshwa, wana hoja. Mtu alichukua mayai popote, akaachia popote, akahesabu mamilioni kama anahesabu misumari. Lakini twendeni Johnson Creek, kijito cha milimani kwenye bonde la South Fork Salmon. Nimiipuu walianza kazi pale mwaka 1998 kwa sharti moja: mayai yanatolewa kwa samaki waliozaliwa porini tu, na watoto wao wanaachwa wakatage wenyewe mtoni. Wakapima vinasaba vya wazazi na wana kwa miaka. Wakaona kwa wastani samaki aliyeingizwa kituoni alipata wana waliorudi wamekomaa zaidi ya mara 4 ya yule aliyeachwa mtoni, na watoto wale walipotaga na wenzao wa porini hawakuwa dhaifu kuliko wao. Basi swali la maana ni nani anaendesha kituo, na anakiendesha kwa ajili ya nani.

Katika kazi ya vituoni, siku ninayoipenda mimi kuliko zote ni siku ya mayai, mwisho wa kiangazi. Tunaanza kabla jua halijachomoza. Jike la chinuki linapasuliwa tumbo kwa kisu kidogo, na mayai yanamwagika kwenye ndoo, mekundu-machungwa, elfu 4 au 5 kwa jike moja, yanalia kama mvua ya kwanza juu ya bati. Mwingine anakuja na dume, anakamua mbegu juu yake. Unaweka maji, unakoroga kwa mkono, taratibu, na kwa muda wa dakika moja hivi jambo limekwisha. Uhai umeanza. Mayai yanaoshwa kwa dawa ya kuua vimelea, yanapangwa kwenye trei, maji baridi yanapita juu yake usiku na mchana. Baada ya mwezi hivi unaona vidoa viwili vyeusi ndani ya kila yai. Macho. Wanakutazama.

Na nyama? Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Nyakati samaki wanaporudi wengi kuliko mahitaji ya mayai, wale wa ziada hupakiwa kwenye barafu wakapelekwa kwa kabila. Niliwahi kupanda lori hilo. Tulisimama mbele ya nyumba ya bibi mmoja mzee ambaye miguu haimpeleki tena mtoni. Alitoka na beseni lake. Hakuchagua mnofu, alichukua kichwa kwanza, akakifunika kwa kitambaa kama mtu anayefunika mtoto. Nikamkumbuka mama yangu na kikombe chake cha dagaa. Nililia ndani ya lori, na dereva akanyamaza.

Kwa wenyeji wa nyanda hizi mlo wa sherehe huanza kwa maji. Unakunywa maji kwanza, kisha unaonja salmoni, kisha paa, kisha mizizi ya ardhini, kisha matunda ya porini, halafu unamaliza kwa maji tena. Salmoni akikosekana mtoto hawezi kufundishwa sherehe hiyo kwa kuonyeshwa picha.

Sasa niwaambie upande wa kazi usiopigwa picha. Usiku mmoja wa Januari, kwenye kituo ambacho sitakitaja, king'ora cha maji kililia. Barafu laini ilikuwa imeziba mdomo wa bomba mtoni. Vifaranga laki moja na ushee kwenye matangi, na maji yanashuka. Samaki kwenye tangi lisilopitiwa na maji hana saa nyingi, ana dakika. Pampu ya akiba ilikuwapo, lakini ilikuwa mbovu, na ilikuwa ikisubiri kutengenezwa kwa miaka 2. Tulichimba barafu kwa makoleo, wengine wakichota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu ili yachukue hewa. Tuliokoa wengi. Asubuhi tulichota waliokufa kwa nyavu, tukawahesabu, tukaandika. Kila mmoja wa wale angeweza kuwa kitoweo cha mtu. Pampu! Kwa sababu ya pampu!

Kituo hufa hivyo, kwa pampu na kwa deni. Kule Alaska kuna kijiji cha Watlingiti, wenyeji wa huko, kinaitwa Kake, kwenye kisiwa cha Kupreanof. Walikuwa na kituo chao cha salmoni kwenye kijito cha Gunnuk. Julai 2000 bwawa la kijito likabomoka, kituo na mji vikakosa maji. Madeni yakawaelemea, mwaka 2014 kikafungwa. Kilifufuliwa baadaye, chama cha ufugaji salmoni cha eneo lile kilipokichukua na kukitengeneza upya. Kujenga kituo ni furaha ya siku moja, watu wanakata utepe. Kukifufua ni kazi ya watu walioona watoto wao wanakula nyama ya kopo.

Na vituo peke yake havitoshi, nisiwadanganye. Lengo lililowekwa kwenye mto huu ni kwamba katika kila vifaranga 100 wanaoteremka, warudi 2 hadi 6. Mara nyingi hata 1 hafiki. Ndiyo maana makabila yanadai mabwawa 4 ya chini ya mto Snake yavunjwe. Desemba 2023 serikali ya Marekani ilitia saini makubaliano juu ya samaki na mabwawa haya na makabila manne pamoja na majimbo ya Oregon na Washington, na ndani yake mlikuwa na fedha za kutengeneza vituo vilivyochakaa. Juni 2025 serikali ikajitoa. Wenzetu wamerudi mahakamani, na huku vifaranga wanahitaji kulishwa kila siku, kesi iwepo isiwepo.

Mnakumbuka mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilivyofungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapumzike? Wangapi humu mlipigiwa simu na ndugu wakisema, hatuna mboga? Niliona humu watu wanatuma pesa. Kwa hiyo msiniambie jambo hili ni la kigeni kwetu.

Tufanye nini? Kwanza, leseni. Sisi si watu wa mkataba. Tunavua kwa leseni ya jimbo na siku zilizofunguliwa, basi. Pili, ukikamata salmoni, mtazame mgongoni karibu na mkia. Pale pana pezi dogo la nyama. Kama limekatwa, ni wa kituoni, na siku ikiruhusu ni wako. Kama lipo zima, mrudishe majini, taratibu, usimtoe nje kupiga naye picha. Huyo ndiye atakayetaga. Tatu, mikutano ya hadhara kuhusu mto huu inafanyika hapa hapa Boise. Kiti kimoja cha mtu anayejua ndagala ni nini kina uzito. Mtaniambia Kiingereza chenu hakitoshi. Mimi nitatafsiri.

Na nne. Siku ya mayai mwaka huu ni mwisho wa Agosti, Jumamosi. Wanahitaji mikono ya kubeba ndoo na kuosha trei. Nimepata ruhusa ya watu 14, gari litaondoka hapa saa 10 alfajiri. Vaeni mabuti ya mpira na nguo nzito, maji ni baridi sana. Watoto kuanzia miaka 10 wanaruhusiwa, mzee yeyote anayejua kushona wavu nitamweka kiti cha mbele, kwa sababu nyavu zao za mkono zimechanika na nimewaambia ninao watu. Daftari liko pale mezani, karibu na birika la chai. Andikeni majina.